Mcheza Kwao Hutunzwa: Tuzo za Utalii na Utunzaji wa Mazingira

Katika lugha yetu neno "kutunza" lina maana mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka zaonekana kuwa mbalimbali. Maana ya kwanza ni kulinda kitu kisiharibike: mtu hutunza mtoto, hutunza shamba, hutunza akiba ya chakula. Maana ya pili ni kumpa zawadi mtu aliyefanya jambo likapendeza, kama vile mcheza ngoma anavyopewa fedha au kuvishwa kanga na watazamaji wake. Neno "tuzo" ni la ukoo wa maana hii ya pili. Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Tukiichunguza methali hii twaona kwamba haitwambii tu kuwa mchezaji hupewa zawadi, bali yatwambia pia anapewa wapi. Anapewa kwao, yaani mbele ya watu wanaomjua yeye na nyumba yake, wanaoweza kutofautisha uhodari wa kweli na mbwembwe za siku moja.

Tumeanza na neno hili kwa sababu siku hizi biashara ya utalii imejaa tuzo. Ziko tuzo za hifadhi bora, za hoteli bora, za kambi bora, na juu ya zote ziko tuzo za wale wanaosemekana kufanya utalii bila kudhuru mazingira. Cheti huwekwa katika fremu na kutundikwa mapokezini. Alama yake huchapishwa katika matangazo. Na mtalii aliye London au Chicago huitazama akaamini kwamba fedha yake itakwenda mahali pema. Yatupasa basi tujiulize: je, tuzo hizi zina thamani gani? Ni zipi za kuaminiwa? Na swali lililo chini ya hayo yote ni hili: ni nani aliye na haki ya kumsifu mtu kwa kuwa ametunza ardhi?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Mara. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yenye eneo la kilomita za mraba 14,763, sehemu yake kubwa imo katika mkoa huu. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1951, mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, na mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Upande wake wa magharibi hunyooka kama mkono mpaka karibu na Ziwa Viktoria, na lango la Ndabaka liko kusini mwa mji wa Bunda, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Kwa hiyo mwananchi wa Bunda hana haja ya kusimuliwa habari za Serengeti, kwani Serengeti ni jirani yake wa kila siku.

Jirani huyo amepata sifa nyingi. Mwezi wa Februari mwaka 2013 msafara wa nyumbu wa Serengeti ulitangazwa kuwa miongoni mwa maajabu saba ya asili ya Afrika, pamoja na Mlima Kilimanjaro na kreta ya Ngorongoro. Tangu mwaka 2019 Serengeti ilitangazwa, kwa miaka kadhaa mfululizo, kuwa hifadhi inayoongoza Afrika katika tuzo za World Travel Awards, ambazo zilianzishwa mwaka 1993. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini furaha isituzuie kupambanua mambo. Tuzo za namna hii hutolewa kwa kura za watu wa biashara ya utalii na za umma kwa jumla. Kura huonyesha jinsi kitu kinavyopendwa na kujulikana. Haipimi maji yaliyotumika, wala takataka zilikotupwa, wala hali ya mkulima anayeishi mpakani. Hiyo ni tuzo ya kupendwa, na kupendwa si kosa. Kosa ni kuichukua tuzo ya kupendwa na kuisoma kana kwamba ni tuzo ya utunzaji.

Ziko tuzo za namna nyingine ambazo hutafuta kupima. Nchini Kenya chama cha utalii wa mazingira, kilichoundwa mwaka 1996, kilianza mwaka 2002 kuzipanga hoteli na kambi katika madaraja matatu, yaani shaba, fedha na dhahabu, kwa kufuata vipimo vilivyoandikwa. Hapa kwetu, Zanzibar, kisiwa cha Chumbe kilipata mwaka 1999 tuzo ya Tourism for Tomorrow iliyodhaminiwa na British Airways, na mwaka 2000 kikaingizwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa katika orodha yake ya heshima iitwayo Global 500. Sababu za sifa hizo zilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Serikali ya Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitangaza miamba ya matumbawe ya Chumbe kuwa hifadhi mwaka 1994. Nyumba za wageni ni saba tu. Mapaa yake hukusanya maji ya mvua, umeme wake hutoka kwenye jua, na vyoo vyake havitumii maji. Waliokuwa wavuvi walifundishwa wakawa walinzi wa matumbawe, na watoto wa shule za Unguja huletwa kujifunza habari za bahari yao. Aliyetaka kuikosoa tuzo hiyo angeweza kupanda mashua akaenda kutazama.

Mfano wa Chumbe watuonyesha kwamba si haki kuzidharau tuzo zote. Tuzo njema ina kazi tatu. Kwanza, humtia moyo mtu anayefanya jambo gumu ambalo faida yake ya fedha ni ndogo au yakawia. Pili, humfanya ajulikane, na kujulikana humlinda: mradi mdogo uliosifiwa duniani hauvunjwi kwa urahisi na mtu mwenye nguvu anayeutamani ufuko au msitu wake. Tatu, huwaonyesha wengine kwamba jambo hilo lawezekana. Anayesema kuwa tuzo zote ni upuuzi amtazame kwanza mfanyakazi wa hifadhi anayelinda miti usiku kwa mshahara mdogo, kisha amwambie usoni kwamba kazi yake haistahili neno la shukrani.

Lakini wahenga walituonya pia, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Sifa isiyo na ulinzi huharibu kile ilichokisifu. Katika baadhi ya mashindano ya utalii mwombaji hujipendekeza mwenyewe, hulipa ada ya kuingia, hujaza fomu kwa maneno yake mwenyewe, na waamuzi humsoma kwenye karatasi wasifike kamwe mahali panaposemwa. Mashindano yenyewe huishi kwa ada hizo, kwa hiyo kila mwaka hayana budi kupata washindi wengi na kuongeza aina za tuzo. Hapo hakimu amekuwa muuza duka, na mshindi amekuwa mteja wake. Hatusemi kwamba kila anayeshinda kwa njia hiyo ni mwongo. Yawezekana ni mtu mwema kabisa. Twasema tu kwamba tuzo yenyewe haituwezeshi kujua. Jambo hili limewashtua hata wale wa nchi tajiri wanaonunua safari: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwazuia wafanyabiashara kutumia maneno ya jumla ya kujisifu kwamba hawadhuru mazingira bila uthibitisho, na kuzuia alama za sifa zisizotokana na utaratibu wa ukaguzi au mamlaka ya serikali.

Hata hivyo ukaguzi peke yake hautoshi, nasi hapa twafika kwenye kiini cha jambo. Chukua kambi ya kitalii iliyo ndani ya hifadhi au kando yake. Mkaguzi amefika. Amezihesabu taa za jua, ameona maji machafu yanavyosafishwa, amekuta chupa za plastiki zimeondolewa. Yote ni kweli. Kambi inapewa tuzo kwa kutunza mazingira, na katika picha ya tuzo hiyo yumo tembo. Sasa tuondoke kambini twende katika vijiji vya Wilaya ya Bunda vilivyo mpakani, kama vile Hunyari na Mariwanda. Tembo yule yule, ambaye hasomi ramani, huvuka mpaka usiku mahindi yanapokomaa. Mkulima hukesha shambani pamoja na wanawe, wakipiga madebe, wakiwasha moto, wakimulika tochi. Watoto huenda shuleni asubuhi wakiwa na usingizi. Wakati mwingine shamba la msimu mzima humalizwa kwa usiku mmoja, na wakati mwingine mtu hufa. Na asubuhi mkulima huyo hamfuati tembo kwa mkuki au kwa sumu, kwa sababu sheria yamkataza, na mara nyingi kwa sababu yeye mwenyewe hataki.

Je, ni nani aliyemtunza tembo huyu? Taa za jua ni jambo jema, lakini hazikumgharimu mwenye kambi chakula cha mwaka. Anayepata faida kwa tembo kuwa hai hutunukiwa, na anayelala njaa kwa ajili ya tembo huyo huyo hatajwi. Serikali imelitambua jambo hili kwa kiasi chake. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, yakihesabiwa kwa eka zisizozidi tano, na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa; zilipotungwa, familia ya mtu aliyeuawa na mnyama ilipangiwa shilingi 1,000,000. Majina hayo yana ukweli mchungu. Anayemfuta mwenzake jasho hakumlipa kazi yake, na anayemfuta machozi hakumrudishia aliyekufa. Majina yenyewe yakiri kwamba malipo hayo si fidia.

Wala tusidhani kwamba mchango wa wananchi ni kuvumilia tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Sababu moja kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa kutoweka kwa sotoka, ugonjwa ambao nyumbu waliupata kutoka kwa ng'ombe. Na sotoka ilitoweka kwa kuwa ng'ombe wa wafugaji walioizunguka hifadhi walichanjwa. Msafara huo unaoitwa ajabu ya asili umesimama, kwa sehemu, juu ya zizi la mfugaji. Waikoma, Wanata, Waikizu na wenzao waliishi na kuwinda katika nchi ambayo baadaye iliwekewa mipaka ya hifadhi, na nchi hiyo ilikuwa bado na wanyama tele wakati mipaka ilipowekwa. Kabla ya kuwapo mwamuzi yeyote wa kutoa cheti, palikuwapo watunzaji.

Kule Butiama jambo hili laonekana kwa namna nyingine. Uko msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wameuheshimu kwa imani zao za jadi, wakiamini kwamba ni makao ya mzimu wao. Miti ilisimama kwa sababu watu waliogopa na kuheshimu. Hapakuwa na mtalii, wala ada, wala sherehe ya kugawa tuzo. Twaweza kusema kwamba utunzaji wa namna hii ndio ulio safi kuliko wote, kwa kuwa haukungoja kusifiwa. Lakini tusiwe wepesi wa kujidanganya. Imani za jadi hupungua nguvu kizazi kwa kizazi, na mti usiolindwa na hofu huitazama panga. Ikiwa yale yaliyotunzwa na wazee kwa heshima hayatapata heshima nyingine kwa vijana, yatakwisha kimya kimya, na hakuna tangazo litakaloeleza kwamba yamekwisha.

Butiama ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na ndipo alipozikwa mwaka 1999. Mwezi wa Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, yeye alitia mkono wake katika tamko la Arusha juu ya wanyama pori, ambalo nchi yetu ilikubali ndani yake kuwa ina dhamana ya kuwahifadhi wanyama hao kwa ajili ya vizazi vijavyo, ikaomba pia msaada wa dunia katika kazi hiyo. Tulitafakari vema tamko hilo. Halikuwa ombi la kusifiwa. Lilikuwa ahadi, na ahadi huanza kudaiwa siku inapotolewa. Wale waliopaswa kuitimiza ahadi hiyo kwa miili yao na mashamba yao walikuwa wanavijiji.

Mwalimu mwenyewe alipata tuzo nyingi, na moja yafaa kutufundisha. Mwaka 1983 alipewa Nishani ya Nansen, inayotolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Nishani hiyo ilivaliwa na mtu mmoja, lakini ushahidi wake ulikuwa umetandazwa juu ya ardhi ya Tanzania: katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, walikopewa mashamba maelfu ya watu waliokimbia Burundi tangu mwaka 1972, na katika uraia waliopewa wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000 mwaka 1980. Watoaji walikuwa wameiona kazi hiyo kwa miaka, na wakimbizi wenyewe walikuwapo kusema kama walipokewa vema au vibaya. Hiyo ndiyo sifa ya tuzo ya kuaminiwa: wale waliotendewa jambo wapo, na wanaweza kulikanusha.

Tukilichukua funzo hilo tukalirudisha kwenye utalii, twapata mashahidi watatu ambao tuzo ya utunzaji wa mazingira haifai kutolewa bila wao. Shahidi wa kwanza ni jirani. Waamuzi waende Bunda, wakae katika mkutano wa kijiji, waulize mbele ya watu wote: kambi hii ilifanya nini tembo walipoingia mashambani? Inanunua wapi mboga, mayai na unga wake? Vijana wa hapa wameajiriwa kwa kazi gani? Njia ya kwenda majini imezibwa au haikuzibwa? Wakuria wana mpiga litungu ambaye humsifu mtu hadharani, mbele ya majirani zake. Sifa iliyotolewa hapo hujaribiwa papo hapo, kwani akimsifu mchoyo kwa ukarimu, watu watacheka.

Shahidi wa pili ni yule aishiye mwisho wa njia. Mto Mara huanza katika nyanda za msitu wa Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, na baada ya mwendo wa kilomita zinazokaribia 400 huingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Watalii hukusanyika juu ya kingo zake kutazama nyumbu wakivuka kati ya mamba. Wakimaliza, wao huondoka, na mto huendelea kwenda. Yote yaliyotendwa juu yake, na wenye hoteli, wakulima, wafugaji na wachimba madini, hufika chini pamoja na maji. Mvuvi wa Musoma hakuitwa kamwe katika sherehe ya tuzo za utalii, lakini hali ya samaki na matete ya mdomo wa mto ni taarifa ya ukaguzi ambayo haiwezi kununuliwa. Kambi isiyojali maji yake yaendako isiitwe mtunzaji, hata kama bustani yake yapendeza.

Shahidi wa tatu ni wakati. Tuzo ya mazingira isitolewe kwa mradi ulioanza mwaka jana, wala isidumu milele kwa mradi uliofanya vema zamani. Iwe na muda, ikaguliwe tena, na iweze kunyang'anywa hadharani kama ilivyotolewa hadharani. Tuzo isiyoweza kunyang'anywa haina tofauti na pambo.

Huenda mtu akatupinga akasema kwamba jirani naye si malaika. Aweza kusema uongo kwa sababu amejengewa darasa, au kwa sababu amenyimwa kazi. Na yawezekana jirani mwenyewe ndiye akataye miti na kutega mitego. Pingamizi hili lina ukweli, nasi hatulifichi. Ndiyo maana hatusemi kwamba jirani ahukumu peke yake. Mtaalamu apime maji na ahesabu miti, kwa kuwa macho ya jirani hayaoni sumu iliyoyeyuka. Na jirani aseme, kwa kuwa vyombo vya mtaalamu havipimi dhuluma. Tena mtu aliyeshirikishwa katika kutoa sifa hujifunza kudai sifa hiyo kwake pia. Kijiji kilichoulizwa, "Je, kambi hii yatunza?" hakitachelewa kuulizana chenyewe, "Na sisi je?"

Hatuna budi kukumbuka pia kwamba tuzo, hata iliyo ya haki kabisa, haiwezi kushika mahali pa haki yenyewe. Mkulima wa Mariwanda haombi cheti. Aomba kwanza mahindi yake yabaki shambani, na yasipobaki apate malipo yanayolingana na hasara, tena mapema kabla njaa haijaingia ndani. Itakuwa dhihaka kumwalika katika ukumbi wa Musoma, kumpigia makofi na kumpa nishani ya uhifadhi, kisha kumrudisha kwenye shamba lililokanyagwa. Heshima huja juu ya haki, kama paa lijavyo juu ya kuta. Paa lisilo na kuta humwangukia aliye chini yake.

Basi ndugu msomaji, tusizikatae tuzo, wala tusizisujudie. Inapotangazwa kwamba hifadhi yetu au hoteli fulani imeshinda, tufurahi, kisha tuulize maswali ya watu wazima: ni nani aliyetoa, aliona nini, alilipwa na nani, na jirani alisema nini? Na sisi wenyewe tujenge desturi ya kuwatuza, kwa haki kwanza na kwa heshima baadaye, wale ambao wametunza bila kuonekana: mkesha-shamba wa Bunda, mlinzi wa msitu wa Butiama, mvuvi wa Musoma anayekataa kokoro. Lugha yetu iliyaweka kulinda na kuzawadia katika neno moja. Yatupasa nasi tuyaweke pamoja katika matendo, ili atunzaye ndiye atunzwe, na atunzwe kwao.